Majina Kumi na Mawili Mfukoni mwa Koti

Jumatatu, 13 Novemba 1978

Wamefika! Wako sita. Tuliahidiwa msaada kutoka Dar es Salaam, nikategemea madaktari wenye mvi na miwani. Tumeletewa wanafunzi. Mmoja bado ana chunusi. Mwingine, msichana, kanipigia goti na kuniamkia kama binti wa jirani aliyetumwa kuomba chumvi. Hawa ndio watakaotuokoa na kipindupindu!

Niandike kwa utaratibu, maana mimi ni karani. Tangu askari wa Amin walivunje daraja la Kyaka, watu wa ng'ambo ya mto wanamiminika huku Muleba na mbuzi wao, magodoro yao, na bibi zao mgongoni. Kambi ya bondeni, chini ya hospitali, imejaa hadi kwenye migomba. Wiki iliyopita kipindupindu kikaingia. Sisi tuna daktari mmoja tu, Dokta Nathanael, na wauguzi watano, na dereva Uledi, na mimi Protase, karani wa masjala, mwaka wa kumi na saba kazini.

Kuhusu koti jeupe. Lilikuwa la daktari Mzungu aliyerudi kwao zamani, akaliacha kwenye msumari. Nalivaa kujikinga na vumbi la mafaili. Sokoni watu wananiita Daktari. Sijawahi kusema kwamba mimi ni daktari. Kukataa pia sijawahi.

Sasa jambo lenyewe. Leo Dokta Nathanael katangaza kwamba wagonjwa wa kipindupindu watakuwa na wodi yao na Msimamizi wao. Nikafunga vifungo vyote vya koti. Akaendelea kwamba usimamizi atawaachia wanafunzi mpaka watakapoondoka. Watakapoondoka! Basi wakiondoka mapema, Msimamizi ni nani kama si mimi? Na nikishakuwa Msimamizi, hakuna atakayethubutu kuuliza koti hili nililipata wapi.

Jumanne, 14 Novemba

Mpango wa kwanza. Nilipewa kazi ya kuwatafutia pa kulala. Nyumba ya masista ina vyumba viwili vitupu, sikuvitaja. Nikawapeleka kwenye ghala la zamani la kahawa. Popo, panya, maganda ya kahawa mpaka magotini. Nikawaambia kwamba hapo ndipo hulala wageni wa heshima. Nilitegemea machozi kabla ya adhuhuri, na kabla ya jioni wawe njiani kurudi bandarini Kemondo kusubiri meli.

Wamelia? Wameomba mafagio! Yule msichana, Mwamvita, kavua viatu na kupanda kwenye kenchi kufukuza popo. Mrefu wao, Sayi, Msukuma wa Shinyanga, kamwaga maji sakafuni na kuyatazama yanavyokwenda. Yakaelekea mlangoni yenyewe. Akapiga makofi. Akasema sakafu ya saruji iliyoinama namna hii ndiyo walikuwa wanaiomba, kwamba itaoshwa kwa ndoo mbili za dawa na kukauka. Wao watalala hemani. Ghala litakuwa wodi. Ilipofika saa kumi vitanda thelathini vilikuwa ndani na wagonjwa juu yake.

Dokta Nathanael kaja, kashangaa, kauliza nani aliyeligundua jengo hili. Nikajibu kwa unyenyekevu kwamba ni mimi. Akanishika mkono mbele ya watu. Sikujua nichukie au nifurahi, nikafanya yote mawili.

Lakini hivyo vitanda! Ni turubai lenye tundu katikati, na chini ya tundu ndoo yenye mistari. Kila saa mwanafunzi anapita, anachungulia ndoo, anaandika. Miaka minne ya chuo, kuja kuchungulia ndoo! Nilicheka mpaka Uledi akaja kuuliza nina nini. Uledi ni mtu wa Bukoba mjini, babu yake alitoka pwani, na mimi ananiita Daktari wa Makaratasi. Akanifafanulia kwamba wanapima yanayotoka ili wajue kiasi cha kurudisha. Kawajua jana tu, leo keshakuwa mwalimu wangu.

Jumatano, 15 Novemba

Mpango wa pili. Sayi hajui Kihaya hata neno. Kwenye orodha ya zamu nikamwandikia wanawake wazee wa ng'ambo ya mto, ambao Kiswahili kwao ni cha redioni tu. Mkalimani sikumpa. Nikakaa dirishani kusubiri aaibike.

Asubuhi bibi mmoja kampa ndizi akidhani ameomba chakula, kumbe anaulizia kuharisha. Safi sana! Saa sita nikarudi kuangalia. Nikamkuta amekaa chini katikati yao, wanamfundisha. Anakosea, wanacheka, anarudia. Kufika jioni alikuwa anauliza mwenyewe kwa Kihaya kama tumbo linauma, lini lilianza, na maji mnateka wapi. Matamshi ya ajabu kabisa, lakini anaeleweka. Bibi mwenye ndizi sasa anamwita mjukuu. Na kwa kuwa wanampenda, wamemwambia ambacho hawakutuambia sisi, kwamba wanateka maji kwenye kijito kile kinachopita nyuma ya vyoo. Kabla ya magharibi kijito kilikuwa kimewekewa miiba na mlinzi.

Mimi nimekaa na watu hao siku kumi na sikuwahi kuwauliza wanateka wapi maji.

Halafu fedheha nyingine. Nilimwambia Uledi kwa Kihaya, Mwamvita akiwa pale, kwamba binti huyu ana mikono myembamba, hata kuku hawezi kumshika. Mwamvita akanijibu kwa Kihaya kizuri kuliko changu, na "waitu" ya heshima juu, kwamba kuku anamshika vizuri tu, mama yake anafuga arobaini, nyumbani kwao nyuma ya msikiti wa Bukoba. Uledi kalazimika kukaa chini kwa kicheko.

Alhamisi, 16 Novemba

Wameweka karai la maji ya dawa mlangoni. Kila anayetoka anawe. Na mimi! Sayi kanieleza kwa adabu nyingi kwamba kadi za wagonjwa ninazokusanya kitandani zinalowa, na vijidudu vinanata mikononi. Mimi mtumishi wa miaka kumi na saba niambiwe kunawa mikono kama mtoto wa chekechea? Nikajifanya nimeitwa. Nimelivuka karai kwa hatua ndefu na kadi zangu mfukoni.

Tena wamepiga marufuku kamwani! Wanasema mpaka ugonjwa upite, watu wasigawiane kahawa ya kutafuna kutoka mkono hadi mkono. Mgeni anakuja kwako, humpi kamwani, ni mgeni wa namna gani huyo? Wewe ni mwenyeji wa namna gani? Mimi kamwani huwa nazo mfukoni mwa koti wakati wote. Na zitabaki humo.

Lazima nikiri jambo moja, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Leo mchana Mwamvita kakaa na mama mmoja asiyeweza hata kufumbua macho, akimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Kijiko kimoja, anangoja, kingine. Nilipita saa saba, nikapita saa tisa, nikapita saa kumi na moja. Bado kijiko. Saa kumi na mbili yule mama kaomba apewe mtoto wake. Nikaenda masjala nikafunga mlango, maana macho yalikuwa yananisumbua. Vumbi la mafaili.

Ijumaa, 17 Novemba

Mpango wa tatu, na huu haushindwi. Barua! Nimeiandika kwa mkono wangu mzuri: "Sisi wazee wa kambi tunaomba wanafunzi hawa warudishwe chuoni wakamalize masomo yao, na usimamizi wa wodi apewe mtumishi mwenye uzoefu." Chini nimeacha nafasi kumi na mbili za majina na dole gumba. Kesho nitawaalika wazee kumi na wawili nyumbani kwangu. Watakula, watakunywa, watapewa kamwani kama watu wenye heshima zao, watatia dole.

Paskazia, mke wangu, kauliza kama nimenawa. Sasa na yeye! Eti anahudhuria mafunzo ya wanafunzi kila jioni pale kambini pamoja na akina mama. Ananyunyiza dawa mpaka kwenye mpini wa jembe.

Jumamosi, 18 Novemba

Siku ya fahari! Wamekuja wote. Paskazia alipika ndizi, ebitoke na maharage, akasema kupakua atapakua kwa mwiko lakini kwenye kamwani hahusiki, akaenda zake mafunzoni. Senene walianguka kwa wingi juzi, nikawakaanga mwenyewe. Kibuyu kimoja cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, mrija mmoja, kikazunguka. Halafu nikasimama na koti langu, nikatoa kamwani mfukoni. Moja nikatafuna mimi kwanza, kama inavyotakiwa. Nyingine nikawagawia kwa mkono wangu, mzee mmoja baada ya mwingine. Nyuso zao! Wiki mbili hawajapokelewa na mtu kama watu.

Mkubwa wao, Mzee Mwijage, kanishika mkono kwa mikono miwili, hakuniachia. Kasema kibanja chake cha migomba kiko ng'ambo, kahawa yake imeiva na hakuna wa kuichuma, na kaburi la baba yake liko pale chini ya migomba. Anachokiogopa si askari wa Amin. Anaogopa kufia huku na kuzikwa kwenye ardhi ya watu. Nikampa kamwani nyingine.

Kisha barua. Mzee Mwijage kauliza imeandikwa nini. Nikasema inahusu huduma za wanafunzi. Hilo ni kweli! Wakafurahi. Wakasema ni vema kuwashukuru vijana wale, hasa yule mrefu anayeharibu Kihaya. Wakatia dole kwa haraka. Sikuona sababu ya kuwakatisha furaha. Na kwa kuwa mimi ni karani wa kweli, mbele ya kila jina nikaandika anapokaa: mstari wa hema, hema la ngapi, karibu na nini. Barua isiyo na anwani haifiki popote.

Jumatatu naipeleka kwa Dokta Nathanael.

Jumapili, 19 Novemba

Sikwenda misa. Tumbo linanguruma. Ni senene. Paskazia kanitazama kwa macho ambayo sikuyapenda, akaenda kumwita Uledi.

Jumatatu, 20 Novemba

Naandika kwa shida, kalamu inateleza. Niko ghalani. Kitanda namba kumi na nne. Chenye tundu.

Si senene.

Mwamvita kanichoma dripu mara moja tu, bila kutafuta mshipa. Kila saa anakuja, anainama, anachungulia ndoo yangu, anaandika. Ndoo yangu! Sijapata kuona aibu kama hii tangu nizaliwe Kanazi. Yeye anasema tu kwa upole kwamba bado lita moja, waitu, bado lita moja.

Kaniuliza nimekula nini tangu Ijumaa, na nani. Nikasema na mke wangu tu. Akaandika. Akaenda.

Nikabaki na dari. Nikafikiri: zile kadi mbichi mfukoni, zile kamwani mfukoni humohumo. Nikafikiri ile mikono miwili ya Mzee Mwijage. Hawatakuja hospitali, nawajua. Atakayeugua atajificha asije akafia wodini akazikwa huku. Atajifunika blanketi nyuma ya hema na kungoja. Na kambini kuna watu maelfu. Nikisema walikuja kwangu, nitaulizwa ni kina nani, na majina yote yako kwenye barua. Na barua imesema wanafunzi warudishwe. Nikasema moyoni kwamba labda wamepona. Kisha nikatazama ndoo yangu.

Nikamwita Mwamvita. Sauti haikutoka, nikagonga kitanda kwa kijiko. Alipokuja nikamwonyesha koti kwenye msumari, mfuko wa kulia. Akatoa barua na kamwani nne zilizobaki. Akasoma. Alisoma yote, mpaka chini, akiwa amesimama hapo mbele yangu. Mimi nikatazama ukuta. Sijawahi kuogopa uso wa mtu namna ile.

Kaniambia, "Asante, mzee. Umeandika mpaka namba za mahema." Akatoka mbio akimwita Sayi na Uledi.

Jumatano, 22 Novemba

Naweza kukaa. Nimekunywa uji.

Wamewapata wote kumi na wawili Jumatatu ile ile, kabla ya saa nane. Mstari wa tatu, hema la saba, karibu na mgomba ulioanguka: yupo. Mstari wa tisa, hema la pili, kwenye jiwe: yupo. Uledi anasema walikuwa wanakimbia na orodha yangu mkononi kama ramani. Saba wazima, wamepewa dawa. Wanne wagonjwa, si sana. Mzee Mwijage walimkuta nyuma ya hema, kama nilivyofikiri, amejifunika blanketi hadi kichwani, ameshawaambia watoto wake wasiseme. Sayi kampandisha mlima mgongoni. Mbio.

Walimlaza kitanda cha kumi na tano. Kando yangu! Niliona yote. Mkono wa mzee ulikuwa hauna mapigo, ngozi ukiifinya inabaki imesimama. Mwamvita katafuta mshipa mkono huu, mkono ule. Hakuna. Mara ya tatu, hakuna. Wauguzi wakaanza kutazamana. Yeye hakumtazama mtu. Kapiga magoti akautafuta kwenye kifundo cha mguu kwa ile mikono myembamba niliyoicheka, akaupata. Wakatundika chupa mbili pamoja. Sayi alikuwa ameshika chupa moja juu kwa mkono, maana misumari ilikuwa imekwisha, na alisimama hivyo mpaka jua likazama. Watu hawa wana miaka ishirini na mitatu, minne. Mimi kwa umri wao nilikuwa sijui hata kupanga mafaili kwa alfabeti.

Nililia waziwazi. Si vumbi.

Leo asubuhi Mzee Mwijage kafumbua macho. Kanitambua. Kitu cha kwanza alichoomba ni kamwani. Ghala zima likacheka, wagonjwa na wote, na Mwamvita kakataa kabisa.

Jumamosi, 9 Desemba

Wameondoka leo, sikukuu ya Uhuru. Siku kumi na mbili sasa hakuna mgonjwa mpya. Walitibu watu mia tatu na kumi. Walipofika tulikuwa tumeshazika kumi na mmoja, na tangu wafike tumezika wanne. Nimehesabu mara mbili, mimi ndiye mwenye mafaili. Kambi nzima ilitoka barabarani kuwaaga. Bibi mwenye ndizi kambebesha Sayi mkungu mzima, na Sayi kamshukuru kwa Kihaya kibaya sana.

Dokta Nathanael katoa hotuba. Kasema bila wanafunzi hospitali hii ingeshindwa, na kwamba dharura nyingine ikija ataomba waje tena, na waje mapema zaidi. Kisha akamshukuru Ndugu Protase kwa orodha yake. Mwamvita alikuwa amesimama pale. Hajamwambia mtu yeyote ile orodha ilikuwa imeandikwa nini kwa juu. Alikata karatasi kwa mkasi, akampa Dokta majina tu. Sehemu ya juu alinirudishia mwenyewe imekunjwa. Sijui watu wa namna hii wanalelewaje.

Koti langu lilichomwa moto pamoja na magodoro. Basi leo, kabla ya kupanda gari, Mwamvita kavua la kwake akanipa, limefuliwa na kupigwa pasi. Mikono inaishia kwenye viwiko. Kifuani kuna jina lake limedariziwa kwa uzi mwekundu. Nimepita nalo sokoni na mama wa nyanya kaniita Daktari Mwamvita. Sikukataa.

Habari mbaya: wodi imefungwa, kwa hiyo Msimamizi hahitajiki tena. Lakini nimelitafakari jambo hili na nimejifunza mengi. Kubwa ni hili, kwamba barua iliyoandikwa vizuri inaokoa maisha. Dokta mwenyewe kasema dharura nyingine itakuja na wanafunzi watarudi. Watahitaji wa kuwapokea. Msimamizi wa Dharura Zote! Barua nimeshaianza. Wazee wote kumi na wawili wako hai, Mungu ni mwema, na kesho nimewaalika nyumbani watie dole.

Mfuko wa koti hili ni mkubwa kuliko wa lile la zamani. Kamwani zimeingia konzi nzima, na kadi za leo bado zina nafasi. Paskazia kasimama mlangoni na karai na kipande cha sabuni. Sijui anamsubiri nani.